Kufuatilia historia ya jumba la mashambani la Kiingereza na wamiliki wake: mwongozo kamili

Kila jumba kubwa la mashambani nchini Uingereza lina maswali matatu: nani alilimiliki, nani alikaa humo, na nani alilijenga. Anayeanza utafiti hudhani jibu ni moja. Mara nyingi majibu ni matatu, na kila moja lina nyaraka zake. Mwongozo huu unafuata ardhi na fedha, kwa sababu hati za ardhi ziliandikwa na makarani waliolipwa wasikosee, ilhali vitabu vingi vya nasaba viliandikwa kuzipendeza koo zilizotajwa humo.

Mfano tutakaourudia ni Vale Royal, katika kaunti ya Cheshire, kwa sababu una karibu kila kikwazo ambacho mtafiti hukutana nacho. Palianza kama abasia, yaani makao ya watawa, ya shirika la Wasitoo: Mfalme Edward I aliweka jiwe la msingi tarehe 13 Agosti 1277. Abasia ilifungwa mwaka 1538, mahali pakaangukia mikononi mwa Thomas Holcroft, aliyebomoa kanisa na kugeuza majengo ya watawa kuwa makazi yake. Mwaka 1615 Lady Mary Cholmondeley alilinunua jumba, na uzao wa mwanawe Thomas ukalishika hadi 1947, lilipouzwa kwa kampuni ya kemikali ya ICI. Miongoni mwa wamiliki hao yumo Hugh Cholmondeley, Baroni wa 3 wa Delamere, ndiye Delamere wa Njoro na Soysambu nchini Kenya.

Andaa daftari kabla ya kugusa hati

Tengeneza jedwali lenye safu nane: jina kamili, cheo na mwaka alipokipata, kuzaliwa na kufa, njia aliyopatia jumba (ununuzi, urithi, ndoa, zawadi ya mfalme), tarehe ya kupata, aliyekuwa akikaa humo wakati huo, namba ya hati katika hifadhi, na daraja la uhakika. Kwa daraja tumia herufi tatu tu. A ni hati ya asili uliyoiona mwenyewe au kwa picha. B ni maelezo ya mwandishi anayetaja namba ya hati aliyoiona. C ni maelezo yasiyo na chanzo, hata yakichapishwa kwenye kitabu kizuri. Usiruhusu C ipande kuwa B kwa sababu tu imerudiwa na watu kumi. Huenda wote walinakili kwa mmoja.

Andika jina la ukoo kwa tahajia zote. Cholmondeley hutamkwa "Chamli", na makarani waliandika walivyosikia: Cholmley, Chumley, Cholmeley. Ukitafuta kwa tahajia moja utapoteza nusu ya nyaraka.

Vyeo navyo hubadilisha jina la mtu yuleyule. Thomas Cholmondeley wa hati za 1820 ni Lord Delamere wa hati za 1822, kwani ubaroni aliupata 1821. Aliyefuata, Baroni wa 2, aliitwa Hugh (1811–1887). Wa 3 naye Hugh (1870–1931). Hati inayosema "Hugh, Lord Delamere" bila mwaka haitoshi kuwatenganisha baba na mwana.

Tarehe ndizo zinazowaangusha wengi. Kabla ya 1752, mwaka wa kisheria Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Hati ya "10 Februari 1640" kwa hesabu yetu ni ya 1641, kwa hiyo iandike 1640/41. Mwaka 1752 wenyewe, tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14. Hati za zamani zaidi huhesabu miaka ya utawala: mwaka wa 30 wa Henry VIII ulianza 22 Aprili 1538 na kuisha 21 Aprili 1539. Usikisie, tumia jedwali la miaka ya wafalme.

Vipimo: pauni 1 ilikuwa shilingi 20, na shilingi 1 peni 12. Ekari 1 ni rudi 4, na rudi 1 ni perchi 40. Ekari moja ni karibu hekta 0.405. Nakili takwimu kama zilivyo kwanza, ubadilishe baadaye katika safu ya pembeni.

Hatua ya 1: Hakikisha ni jumba lipi, na liko katika parokia ipi

Majumba mengi yana majina yanayofanana, na mengine yalibadilishwa jina na mmiliki mpya. Anza na orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa, inayotunzwa na Historic England na kusomwa bure mtandaoni. Ina madaraja matatu: I, II* na II. Vale Royal iko II*. Maelezo ya orodha hiyo yanasaidia, ila lengo lake ni kulitambua jengo, si kutoa historia yake yote. Tarehe nyingi humo zimekadiriwa kwa kutazama mtindo wa ujenzi tu, kwa hiyo zipe daraja C hadi upate hati.

Kisha fungua ramani za kale za Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, nazo ni bure. Kipimo cha inchi 6 kwa maili (1:10,560) kinaonyesha bustani na mipaka. Kile cha inchi 25 (1:2,500) kinaonyesha umbo la jumba lenyewe, bawa kwa bawa. Linganisha matoleo mawili au matatu. Bawa lililopo kwenye toleo moja na kukosekana kwenye linalofuata limebomolewa kati ya miaka hiyo miwili, na hapo umejua pa kutafutia.

Andika jina la parokia, la kaunti ya zamani na la mamlaka ya sasa. Nyaraka za Uingereza zimepangwa kwa parokia na kaunti za zamani. Kumbuka pia kwamba jina lina mwanzo wake: ukitafuta "Vale Royal" katika sensa ya ardhi ya 1086, ile ya mfalme William, hutaipata, kwa sababu jina hilo lilitolewa na Edward I karibu miaka 200 baadaye. Tafuta vijiji jirani kama Over.

Hatua ya 2: Anza na leo, urudi nyuma

Kuanzia na babu wa kwanza na kushuka ndiyo njia ya kuishia kwenye ukoo usiohusika. Anza na mmiliki wa sasa, uulize alipata kwa nani, kisha urudie swali hilohilo.

Masjala ya Ardhi ya Uingereza, iliyoanzishwa 1862, huuza nakala ya rejista ya kila kiwanja. Tangu Desemba 2024 bei ni pauni 7 mtandaoni. Rejista ina sehemu tatu: A inaeleza mali, B mmiliki, C madeni na masharti. Anayetafuta historia aende moja kwa moja sehemu ya C. Masharti ya kale hutajwa pamoja na tarehe ya hati ya mauziano na majina ya pande mbili, hata kama hati hiyo ni ya miaka 80 au 100 iliyopita. Kwa namna hiyo unaweza kupata mauzo ya miaka ya 1940 ndani ya karatasi ya leo.

Hapa kuna mitego miwili. Kwanza, usajili ulikuwa lazima kila mahali Uingereza na Wales kuanzia 1 Desemba 1990 tu, na lazima hiyo huja mali inapouzwa au kubadilisha mikono. Jumba lililokaa kwa ukoo mmoja bila kuuzwa huenda halimo kabisa. Kutokuwemo kwake ni dalili ya umiliki mrefu. Pili, majumba mengi yamegawanywa kuwa fleti. Ukinunua rejista ya fleti utapata upangaji wa miaka mingi, si umiliki wa ardhi. Omba rejista ya umiliki wa kudumu.

Kaunti ya Middlesex na zile tatu za Yorkshire zilikuwa na masjala zao za hati tangu karne ya 18: West Riding 1704, East Riding 1708, Middlesex 1709, North Riding 1736. Kama jumba lako liko huko, una bahati. Humo mauzo yana faharasa ya majina.

Hatua ya 3: Tenganisha mmiliki na mkaazi, 1840 hadi 1940

Sensa ni ya kila miaka kumi tangu 1801, ila majina ya wakazi wote huanza na ya 1841, na ya 1921 ndiyo ya mwisho kufunguliwa. Ya 1931 iliungua 1942, na ya 1941 haikufanyika; pengo hilo huzibwa na daftari la wakazi la Septemba 1939. Sensa huandika aliyelala nyumbani usiku ule, si mwenye nyumba. Tarehe zake nyingi ziliangukia mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili: 3 Aprili 1881, 31 Machi 1901, 2 Aprili 1911. Wakati huo wa mwaka makabaila wengi walikuwa wamehamia London. Ukikuta msimamizi wa kike wa nyumba na vijakazi wanne ndani ya jumba la vyumba hamsini, usiandike kuwa ukoo umefilisika. Tafuta anwani yao ya London usiku uleule.

Uthamini wa ardhi wa 1910–1915 ndio chombo bora zaidi cha kutenganisha majibu haya mawili. Vitabu vya wathamini viko Hifadhi ya Taifa, huko Kew, London, katika mfululizo wa IR 58, na ramani zake IR 121 hadi IR 135. Tafuta ramani kwanza, usome namba nyekundu iliyoandikwa juu ya jumba, kisha uombe kitabu chenye namba hiyo. Kitabu kina safu ya mmiliki na safu ya mkaazi kando kwa kando. Sehemu za Southampton na Portsmouth zilipotea kwa mabomu ya Vita Kuu ya Pili.

Kwa Vale Royal hatua hii ni ya lazima. Baroni wa 3 alikuwa Afrika Mashariki, na tangu 1907 jumba lilipangishwa kwa Robert Dempster, tajiri wa uhandisi wa gesi. Anayesoma sensa ya 1911 peke yake, au vitabu vya anwani vya kaunti vya miaka hiyo, atamwandika Dempster kuwa mmiliki mpya. Hakuwa. Baroni wa 4 alirudi kukaa humo 1934, akatoka 1939 jumba lilipochukuliwa na serikali kwa matumizi ya hospitali wakati wa vita.

Orodha ya wamiliki wa ardhi ya 1873 inataja kila mwenye ekari moja au zaidi nje ya London, kaunti kwa kaunti. Jumlisha mwenyewe, kwa sababu mtu mwenye ardhi katika kaunti tatu ametajwa mara tatu. Waliopanga kwa zaidi ya miaka 99 wamehesabiwa humo kama wamiliki.

Ramani za zaka, yaani fungu la kumi la mazao lililolipwa kanisani, zilitokana na sheria ya 1836. Kila kipande cha ardhi kina namba, na daftari linaloambatana linataja mmiliki, mkaazi, jina la shamba, matumizi yake na ukubwa kwa ekari, rudi na perchi. Nakala za serikali ziko IR 29 (madaftari) na IR 30 (ramani). Za Cheshire zinaonekana mtandaoni bila malipo. Mtego wa hapa unahusu majumba yaliyokuwa abasia. Wasitoo walisamehewa zaka kwa ardhi waliyoilima wenyewe, na sheria ya 1539 ilihamishia msamaha huo kwa waliopewa ardhi ya abasia kubwa. Ukikuta eneo tupu kuzunguka jumba lako, huenda ni msamaha huo, wala si kwamba karatasi imepotea.

Hatua ya 4: Wasia, ndoa na mikataba ya ukoo

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa, na ndipo panapotaka uvumilivu zaidi.

Tangu 12 Januari 1858 wasia zote zilisajiliwa na serikali. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa mahakama za kanisa. Wenye mali katika dayosisi zaidi ya moja za kusini walipelekwa mahakama kuu ya Canterbury, ambayo nakala zake, 1384 hadi 1858, ni mfululizo wa PROB 11 huko Kew. Kwa kaskazini ilikuwa York, na nyaraka zake ziko Taasisi ya Borthwick. Cheshire iko upande wa York, kwa hiyo tafuta York na mahakama ya askofu wa Chester. Angalia Canterbury pia, kwani matajiri wa kaskazini wenye mali kusini walisajili huko.

Wasia haukutaji jumba? Hilo ni jambo la kawaida, na maelezo yake ni haya. Tangu katikati ya karne ya 17 koo kubwa zilifunga mali zao kwa mkataba wa ukoo: mwenye jumba alikuwa nalo kwa maisha yake tu, na baada yake lilikwenda kwa mwana wa kwanza, awe ameandikwa kwenye wasia au la. Mwana alipofika miaka 21, baba na mwana waliufunga upya, mara nyingi wakati wa harusi ya mwana. Kwa hiyo hati muhimu kuliko wasia ni mkataba wa ndoa. Humo utakuta mashamba yote yakitajwa kwa jina, posho ya mjane, na mafungu ya wadogo wa mrithi. Mkataba mmoja wa ndoa unaweza kujaza mistari mitano ya jedwali lako.

Kufungwa huko kulimaanisha mmiliki hawezi kuuza apendavyo. Kabla ya sheria ya 1882 iliyolegeza mikataba hiyo, aliyetaka kuuza mara nyingi aliomba sheria binafsi ya Bunge. Tafuta jina la ukoo katika orodha ya sheria binafsi. Utangulizi wa sheria hizo husimulia umiliki wa vizazi viwili au vitatu pamoja na madeni, na umeandikwa kwa Kiingereza kinachosomeka.

Mrithi mtoto naye huacha alama. Baroni wa 3 alirithi Agosti 1887 akiwa na miaka 17. Hati za tangu hapo hadi alipotimiza 21, Aprili 1891, zitafutwe kwa majina ya wadhamini na mawakili wao. Ukitafuta kwa jina lake pekee utaona ukimya wa miaka minne.

Wanawake hufichika zaidi. Kabla ya sheria iliyoanza kutumika Januari 1883, ardhi ya mke aliyeolewa ilisimamiwa na mumewe na hati nyingi ni kwa jina lake mume. Mjane alikuwa huru. Lady Mary Cholmondeley alifiwa na mumewe, Sir Hugh, mwaka 1601, ndiyo maana ununuzi wa 1615 umo kwa jina lake mwenyewe. Ukiona jumba "limeibuka" kwa ukoo mpya bila mauzo, mtafute binti mrithi. Na kama mkwe amebadilisha jina lake la ukoo, huenda lilikuwa sharti la wasia wa baba mkwe. Ruhusa za mabadiliko hayo zilitangazwa katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali, linalosomwa bure.

Hatua ya 5: Hati zinazosema jambo jingine kuliko zinavyoonekana

Sheria ya ardhi ya Kiingereza kabla ya karne ya 19 ilijaa taratibu za kubuni. Zijue nne hizi, kwa sababu kila moja imeshazaa mmiliki hewa katika historia ya jumba fulani.

Upangaji wa mwaka mmoja kwa shilingi 5 au 10, wenye tarehe ya siku moja kabla ya hati nyingine: huo si upangaji. Ni nusu ya kwanza ya mauzo, na hati ya siku ya pili ndiyo inayotoa umiliki. Katalogi nyingi zimeandika nusu ya kwanza pekee kwa sababu ya pili ilipotea. Utaratibu huu ulienea hadi miaka ya 1840.

Upangaji wa miaka 500 au 1,000 aghalabu ni rehani. Aliyepewa ni mkopeshaji, na mwenye jumba anaendelea kulala kitandani kwake. Tafuta hati ya kuhamisha rehani au ya kuilipa.

Hukumu ya maafikiano mahakamani, iliyokatwa vipande vitatu na mahakama kubaki na kipande cha chini, ilikuwa njia ya kusajili uhamisho wa ardhi. Hapakuwa na ugomvi wowote, na bei inayotajwa ni ya desturi tu. Usiinukuu kama bei halisi ya jumba. Idadi ya ekari nayo hutajwa kwa namba za mviringo.

Kesi ya kurejesha ardhi, iliyofungua mikataba ya ukoo, ina mdai ambaye mara nyingi ni wakili tu. Msingi wake ni kwamba mwenye mali anataka kuifunga upya au kuiuza. Taratibu hizi mbili za mahakama zilifutwa 1833.

Kwa Cheshire ongeza hili: kaunti hiyo ilikuwa na mahakama zake hadi 1830. Ukitafuta maafikiano ya ardhi katika mfululizo wa kawaida wa CP 25 hutapata kitu. Nenda mfululizo wa CHES.

Hatua ya 6: Kodi, manori na abasia

Kodi ya meko ilitozwa 1662 hadi 1689, shilingi 2 kwa kila meko kwa mwaka, kwa awamu mbili. Orodha zilizosalia ziko hasa katika mfululizo wa E 179 huko Kew, nyingi za 1662–1666 na 1669–1674. Meko 20 au zaidi ni jumba kubwa. Ongezeko kati ya orodha mbili ni dalili ya ujenzi, mradi uhakikishe mkaazi ni yuleyule. Idadi ya meko si idadi ya vyumba. Kodi ya ardhi, hasa orodha za 1780–1832, inataja mmiliki na mkaazi mwaka kwa mwaka, na inakusaidia kujua mwaka hasa jina lilipobadilika.

Daftari za mahakama za manori, yaani milki za kikabaila zenye mahakama zao, zilikuwa kwa Kilatini hadi 1733, isipokuwa 1651–1660. Rejista ya hati za manori ndani ya katalogi ya Hifadhi ya Taifa itakuambia ziliko. Kumiliki manori si lazima kumiliki jumba. Vilitenganishwa mara nyingi.

Kwa jumba lililotokana na abasia, fuata njia tatu: hati za kusalimisha abasia (E 322), hati za mfalme za kutoa ardhi (C 66), na muhtasari wa barua za utawala wa Henry VIII, unaosomwa kwenye tovuti ya British History Online. Mtu aliyepewa ardhi kwanza mara nyingi alikuwa mlanguzi aliyeiuza kwa faida baada ya miezi michache. Fuata hadi umpate aliyekaa.

Hatua ya 7: Lisome jengo

Hati na ukuta vikigombana, sikiliza vyote viwili. Tembea nje kwanza, pande zote nne, na upige picha kila kona. Mshono wima ulionyooka ukutani, matofali au mawe yasipopishana, unaonyesha sehemu mbili za nyakati tofauti. Upande wa mbele ndio uliobadilishwa mara nyingi. Ukale hujificha nyuma, kwenye ghala la chini na darini.

Darini angalia kenchi na makombamoyo. Matundu ya ndimi yasiyo na kitu ndani yanaonyesha boriti imetoka jengo jingine. Mahali palipobomolewa abasia, mbao na mawe ya kutumiwa mara ya pili ni ya kutarajiwa. Kupima umri kwa pete za mti hufanya kazi vizuri kwa mwaloni wenye pete zaidi ya 50. Pete ya mwisho chini ya gome ikiwepo, mwaka wa kukatwa mti hujulikana barabara. Ukingo wa nje ukiwa umechongwa, jibu litakuwa "baada ya mwaka fulani" tu. Chukua sampuli kwenye boriti kadhaa za kenchi moja, kwani boriti moja inaweza kuwa ya kuazima.

Tarehe iliyochongwa juu ya mlango au kwenye sanduku la madini ya risasi la kukingia maji ya mvua ni ya kazi fulani, labda ukarabati wa paa. Herufi zilizo pembeni ni za mume na mke. Zilinganishe na mwaka wa ndoa yao. Nembo ya ukoo iliyogawanywa kati ina ya mume upande wa kushoto wa mtazamaji na ya mke kulia, na kwa wanandoa hao unaweza kubana tarehe ndani ya miaka michache.

Vale Royal ilifanyiwa kazi kubwa na Edward Blore mnamo 1833, na John Douglas akafuata 1860–1861. Mwonekano mwingi wa "kale" wa jumba kama hilo ni wa karne ya 19, kwa hiyo tafuta michoro na hesabu za wasanifu kabla ya kudai kuwa dirisha ni la Holcroft.

Kama una orodha ya mali ya marehemu, tembea nayo. Wathamini waliandika chumba kwa chumba kwa mpangilio wa hatua zao, kwa hiyo orodha ni ramani ya nyumba kabla ya mabadiliko.

Hatua ya 8: Fedha zilitoka wapi, zikaenda wapi

Jumba halikujijenga. Kwa karne za 18 na 19 tafuta jina la kila mmiliki, mkewe na wakwe zake katika hifadhidata ya urithi wa utumwa wa Waingereza iliyoko University College London (UCL). Inatokana na fidia ya pauni milioni 20 iliyolipwa wenye watumwa baada ya sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu. Harewood, Yorkshire, lililojengwa 1759–1771 na Edwin Lascelles, ni mfano ulio wazi: ukoo ulitajirika kwa sukari ya Karibi na mikopo kwa wenye mashamba ya huko, na ulilipwa fidia ya zaidi ya pauni 26,000. Wenye jumba wasipokuwemo kwenye hifadhidata, hilo halimalizi swali, kwani huorodhesha hasa waliohusika miaka ya mwisho ya utumwa.

Kwa Vale Royal fedha ilikwenda upande wetu. Baroni wa 3 aliingia Afrika Mashariki mara ya kwanza 1897 kupitia Somalia. Mwaka 1903 alipewa upangaji wa miaka 99 wa ekari zipatazo 100,000 huko Njoro, na mwaka uliofuata mkataba wa 1904 ukawahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa la kati. Majaribio yake ya kondoo, ng'ombe na ngano yalikula fedha nyingi, naye alikopa kwa dhamana ya mali ya Cheshire. Kwa hiyo hadithi moja ina nyaraka pande mbili, na kila upande unaeleza mwingine: rehani za Cheshire na maombi ya ardhi ya Njoro yasomwe tarehe kwa tarehe.

Upande wa Afrika anza na FO 2 huko Kew kwa barua za kabla ya 1905, kisha CO 533 kuanzia 1905. Gazeti rasmi la Himaya ya Afrika Mashariki, lililoanza 1899, hutangaza ugawaji wa ardhi na mirathi. Matoleo mengi yapo mtandaoni. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ina mafaili ya wilaya yanayoonyesha waliokuwa wakiishi kwenye ardhi hiyo na kilichowapata, jambo ambalo hati za Cheshire hazitaji. Usiiache sehemu hiyo kwa kuwa umeitwa kuandika historia ya jumba. Ekari hizo zilikuwa sehemu ya hesabu za jumba.

Kuomba nyaraka, ukiwa mbali au ukiwa Kew

Tafuta kwanza katika Discovery, katalogi ya mtandaoni ya Hifadhi ya Taifa, ambayo inaonyesha pia nyaraka zilizoko hifadhi za kaunti. Tafuta kwa jina la jumba, la parokia, la kila ukoo na la mawakili wao. Nyaraka za ukoo hufuata mmiliki, si jumba: aliyekuwa na mashamba kaunti tatu huenda karatasi zake zote ziko kaunti moja.

Ukienda Kew, kadi ya msomaji ni bure kwa vitambulisho viwili, kimoja cha jina na kingine cha anwani. Chukua penseli, kalamu ya wino haingii chumba cha kusomea. Picha kwa simu au kamera yako zinaruhusiwa. Piga kwanza picha ya lebo yenye namba, kisha kurasa zote, pamoja na mgongo wa hati, kwa sababu makarani waliandika muhtasari na tarehe mgongoni.

Ukiwa mbali, muandikie mtunza nyaraka wa kaunti swali moja lenye namba ya hati, mwaka na jina. Barua inayoomba "chochote kuhusu jumba hili" hujibiwa kwa orodha ambayo ungeipata mwenyewe mtandaoni. Hifadhi nyingi hutoza utafiti kwa saa, hivyo taja kikomo cha malipo ndani ya barua ya kwanza, na uulize kama hati imekwishapigwa picha kabla ya kulipia picha mpya.